Sauti kutoka Namtumbo

Edita tulimzika Jumamosi iliyopita, kule Matogoro, nyuma ya nyumba ambayo yeye na marehemu mumewe waliijenga kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba. Watoto wake waliniomba niseme maneno machache, kwa kuwa mimi ndiye rafiki yake wa zamani kuliko wote waliokuwa pale. Nikasimama, nikashikilia kiti cha mbele yangu, nikasema kwamba Edita alikuwa mchapakazi, kwamba hakuna aliyeunga likolo, mboga yetu ya majani ya maboga, kwa karanga kumshinda yeye, na kwamba hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Halafu kikohozi kikanikamata, nikaketi. Waombolezaji wakadhani nimezidiwa na uchungu, na binti yake akaniletea maji. Kweli uchungu nilikuwa nao, lakini kile kilikuwa kikohozi tu, kilekile ambacho Edita alikifahamu kuliko daktari yeyote. Kuna mwaka mmoja ambao sikuutaja pale msibani, na nadhani hata yeye asingependa niutaje. Nilipokuwa narudi nyumbani, nikipumzika kila baada ya hatua chache kama ilivyo desturi yangu, niliona kwamba sasa nimebaki peke yangu ninayeukumbuka.

Mwaka huo mimi na Edita tulikuwa wasichana, tumepanga chumba kimoja Mfaranyaki, mjini Songea, katika nyumba yenye ua katikati na wapangaji pande zote. Zilikuwa zile nyakati tulizoziita za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu utotoni mwetu yalijaa tena sabuni na sukari, mitumba ilining'inia kila kona ya soko, na mtu yeyote mwenye lori aliweza kuwa mfanyabiashara. Sisi wawili tuliajiriwa na mmoja wa watu hao, tajiri aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na kununua mahindi na tumbaku huku kwetu. Kazi yetu ilikuwa swichibodi, kupokea simu na kuziunganisha. Chumba chetu cha kupanga kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, jiko la mkaa mlangoni na picha ya Bikira Maria ambayo Edita aliipamba kwa maua ya karatasi. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi kwa viazi vitamu, jioni ugali kwa dagaa wa Nyasa. Kabla ya chai kulikuwa na shughuli ya kifua changu.

Mapafu yangu yaliharibika nikiwa mdogo, surua ikifuatiwa na nimonia. Daktari aliyenitibu hapo Songea, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alinieleza kwamba mirija ya hewa imelegea kama mpira wa sketi uliochakaa, makohozi yakishaingia hayawezi kutoka yenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi nililala kifudifudi, nusu ya mwili kitandani, kichwa kikining'inia karibu na sakafu, na mtu alitakiwa kunipiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, mpaka yale yaliyolala usiku kucha yaporomoke. Mtu huyo alikuwa Edita. Alinipiga huku akiimba nyimbo za kwaya ili kushika mapigo, na alipochoka alilalamika. "Mgongo gani huu, Skola? Ni kama napiga debe." Nilitema kwenye kopo langu lenye mfuniko, tukanawa, tukanywa chai. Hatukuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Ilikuwa kama kusukana nywele.

Kisha ugonjwa wa kisasa ukaingia katika kila ukoo. Tulikuwa tumeusikia redioni kwa muda, kama jambo la Kagera au la Ulaya, halafu ghafla ukawa wa watu tuliokaa nao kanisani. Hakukuwa na dawa wakati ule, na wengi hawakuthubutu kulitaja jina lake. Watu walisema fulani ameanza, au fulani anaumwa vile. Walikuwa na dalili zao walizoziangalia kwa wenzao: kukonda, nywele kulainika, na kikohozi kisichoisha. Mimi nilikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, na kikohozi changu kilikuwa na umri karibu sawa na wangu. Mwaka uliotangulia Edita alimzika kaka yake. Mwezi wa tatu akamzika dada yake, baada ya kumuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi kutoka matangani nilikuwa nimekwisha kujilaza kama kawaida, nasubiri. Nilimwona miguu tu, kutoka pale chini. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Leo mikono inaniuma," alisema.

Siku iliyofuata mikono ilimuuma tena. Wiki haikupita akaniambia amepata chumba ng'ambo ya ua, kidogo zaidi lakini kina dirisha. "Si kwa ubaya, Skola," alisema akiwa amekumbatia godoro lake. Nilimjibu kwamba najua, na kweli nilijua. Nilikuwa nimeona jinsi alivyotazama vidole vyangu vilivyokonda, kama mtu anayeona filamu aliyokwisha kuiona mwisho wake. Sikuwa na hasira naye. Ila asubuhi zilikuwa ndefu sana. Mtu hawezi kujipiga mgongoni mwenyewe. Nilijaribu kujigonga kwa fremu ya mlango, nikiegemea na kujirudisha, mpaka mama mwenye nyumba akauliza ni nani anayepigilia misumari alfajiri yote ile. Nilipopita uani na kopo langu, wapangaji waliokuwa wakiongea walinyamaza, wakaitikia salamu yangu kwa heshima kubwa mno. Heshima ile ndiyo iliyoniumiza. Ni ile wanayopewa wanaoaga dunia.

Daktari alinipima damu. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia sina. "Wewe ni mapafu tu," alisema. "Na sikiliza, binti. Wao wanakuogopa wewe, lakini wewe ndiye unayepaswa kuwaogopa wao. Kifua kikuu kimeongezeka kwa sababu ya huu ugonjwa. Kikikuingia kwenye mapafu hayo, sina la kukufanyia." Nilitoka pale nikiwa na habari njema na sikuwa na wa kumpelekea. Ningesimama katikati ya ua na kutangaza? Nilimwambia Edita, kupitia mlango wake uliofungwa nusu. Akasema, "Mungu ni mwema," kisha akaongeza polepole, "Hata dada walimwambia hivyohivyo mara ya kwanza."

Miaka mingi baadaye, katika mwaka ule wa barakoa, mpwa wangu alinifungia ndani kwa miezi, akiniwekea chakula mlangoni na kunisalimia kutoka uani. Aliniomba msamaha kila siku, akidhani ananitesa. Sikuweza kumweleza kwamba kwangu ule haukuwa upweke. Safari hii nilikuwa nimetengwa na mtu aliyetaka niishi. Mfaranyaki nilikuwa nimetengwa na watu waliokwisha kunizika moyoni, nami natembea bado.

Kazini mambo yalikuwa hivyohivyo. Chumba cha swichibodi kilikuwa kidogo, kimebanana na ghala, na msimu wa ununuzi vumbi la tumbaku lilipenya chini ya mlango na kutua kwenye kila kitu. Tulikuwa na hedifoni moja, ile ya kuvaa kichwani yenye kipaza sauti kidogo kinachokaa mbele ya midomo, na tulipokezana zamu. Edita alianza kuifuta kwa spiriti kabla ya kuivaa. Kisha akawa anaizungushia kitambaa. Kisha, nadhani kwa uoga na si kwa chuki, akamwambia meneja. Niligundua kwa njia ya kazi yangu. Siku moja meneja aliomba nimuunganishe na tajiri Dar. Simu za mbali zilikatika ovyo wakati ule, hivyo nilitakiwa kubaki kwenye laini ili niunge tena zikikatika. Walizungumza bei, wakazungumza magunia, kisha meneja akashusha sauti.

"Bosi, kuna yule binti wa simu. Anakohoa sana. Wenzake wanalalamika."

"Anao?"

"Watu wanasema."

"Kazi anafanya?"

"Kazi anafanya. Hata vizuri."

"Basi muache mpaka msimu uishe. Halafu utafute mwingine."

Nilikuwa nimeshikilia kipaza sauti kwa kiganja, na kikohozi kinanipanda kooni kama maji ya kuchemka. Ningekohoa, wangejua nilikuwa nasikiliza. Ningekata laini, ningekuwa nimeiharibu kazi ambayo yeye mwenyewe amekiri naifanya vizuri. Nilijibana mpaka machozi yakanitoka na herufi za kwenye ubao wa swichibodi zikaanza kuogelea. Walipoagana nikachomoa waya taratibu, nikatoka nje, nikakoholea ukutani mpaka nikapiga magoti. Wapagazi wa ghala walisimama na marobota yao mabegani, wakanitazama. Hakuna aliyesogea.

Ni katika miezi hiyo ndipo Rashidi alipokuwa akipiga simu. Alikuwa karani wa kituo chetu cha kununulia tumbaku Namtumbo, mtu wa Tunduru, na kila alasiri alipiga kutoa taarifa ya uzito na madaraja. "Namtumbo hapa. Songea, unanipata?" Nami nikaandika. Alikuwa na sauti nzito, iliyotulia, nikamjengea picha ya mtu mnene mwenye kitambi na kofia. Siku moja kikohozi kilinikamata katikati ya hesabu zake. Alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Songea, hicho kifua ni chako, au umekiazima kwa mzee mmoja hapo jirani?" Tangu Edita ahame hakuna mtu aliyekuwa amenitania kuhusu kikohozi changu. Nilicheka, na kucheka kukaleta kikohozi kingine. "Pole, dada," alisema. "Sikukusudia kukumaliza."

Baada ya hapo, taarifa zikiisha hakukata. Alitaka kujua ninaona nini dirishani. Nilimwelezea ukungu wa Matogoro unavyokaa vilimani mpaka karibu saa sita mwezi wa saba, baridi inayouma vidole, akina mama wanaouza magimbi ya kuchemsha wakiwa wamejifunga makoti ya mitumba ya wanaume. Yeye alinieleza kwamba Namtumbo kila kitu kinanuka tumbaku, hata chai. Alinisimulia mikorosho ya kwao, mama yake anavyokaanga korosho kwenye nusu ya pipa, moshi wake unavyong'ata macho, na jinsi alivyokuwa mtoto mlafi asiyesubiri zipoe, mpaka mafuta ya maganda yakamchubua midomo akaenda shule amevimba kama bata. Aliniuliza jina, akaanza kuniita Skolastika, lote kamili, kwa namna ya kulipima. Mara moja tu alisema kuhusu nyumbani kwake. "Mke wangu alitangulia," alisema. "Na mtoto." Nikampa pole. Hakuendelea, nami sikuuliza. Asubuhi nilijigonga mlangoni, mchana nikakaa na hedifoni iliyonukia spiriti, na yote hayo niliyavumilia kwa sababu alasiri ingefika.

Edita naye, kwa upande wake, alikuwa na njia zake. Katika baridi ile, kila nilipoamka nilikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni kwangu, imefunikwa kwa sinia. Hakuwahi kusema ni yake. Wakati mwingine nilimwona ng'ambo ya ua, akichochea jiko, akiwa amenigeuzia mgongo kwa makusudi mpaka niichukue ndoo. Sasa nikifikiri, naona kwamba ule ndio umbali alioweza kuufikia, na kwamba alikuja mpaka mwisho wake kila asubuhi.

Msimu ulipokaribia kwisha, sauti ya Namtumbo ikabadilika. Ikaja ya kijana mwingine, ya haraka haraka. Nilimuuliza karani yuko wapi. "Anaumwa, dada. Kaletwa hapo hapo kwenu, hospitali." Siku chache baadaye meneja aliniita, akazungumza kwa muda mrefu kuhusu afya, akanitakia mapumziko mema. Niliitikia kama niliyekuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Jumapili, baada ya misa, nikaenda hospitali.

Wodi ya kifua kikuu ilikuwa peke yake, mwisho kabisa, baada ya jengo la kufulia. Nilikuwa nimefika mlangoni daktari wangu aliponiona, akaja karibu akikimbia. "Wewe! Na mapafu hayo? Usithubutu kuvuka hapo." Nilimwambia ninamtafuta nani. Alinitazama, kisha akanishika bega na kunizungusha nyuma ya jengo, kwenye nyasi, mpaka dirisha la tatu lenye wavu wa mbu. "Simama hapa. Upepo ukupige mgongoni. Usisogee zaidi ya hapa."

Ndani, kitandani, alikuwapo mtu mrefu aliyekwisha kabisa, mashavu yameingia, macho makubwa. Hakuwa mnene, hakuwa na kofia. Nilidhani nimeonyeshwa siye.

"Namtumbo," nilisema. "Unanipata?"

Aligeuza kichwa polepole. Sauti ilikuwa ileile, tofauti ni kwamba ilitoka mbali zaidi. "Skolastika. Ndiye wewe?"

"Ndiye."

Alinitazama sana. "Wamenipima damu," alisema. "Ninao. Lakini wewe nadhani ulijua. Tangu siku ile nilipokusikia unakohoa, nikasema, huyu ni mwenzangu. Ndiyo maana nilikuwa nakaa kwenye simu. Huku watu walikuwa wamenikimbia."

Nilijua lazima niseme, na nilijua nikisema naweza kumpoteza mtu pekee niliyekuwa naye. "Kaka Rashidi," nilisema, "mimi sina. Nilipimwa. Mapafu yangu ni mabovu tangu utotoni."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, kikohozi kibichi, na mimi nikarudi nyuma nusu hatua bila kutaka. Nikamwona ameniona. Nikajua ghafla jinsi mguu wa Edita ulivyohisi pale mlangoni.

"Alhamdulillahi," alisema Rashidi. Alifumba macho, akalirudia. Hakulisema kwa mdomo tu. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, na sikuwa nimewahi kumwona mtu akifurahia uzima wangu namna ile, hata mimi mwenyewe. Kisha akafumbua macho. "Sasa mbona umekuja?"

"Uliacha kupiga simu," nilisema.

Nilienda karibu kila siku mpaka mvua zikaanza. Sikuwa na kazi, na jina langu halikuwa na cha kupoteza tena. Walioniona pale dirishani walithibitisha walichokuwa wakikisema. Nilisimama kwenye nyasi na upepo mgongoni, tukaongea kama tulivyozoea, kila mmoja akisema anachokiona. Mimi nilimpelekea uji kwa mkono wa muuguzi. Siku moja Edita alinipa korosho alizonunua sokoni, zimefungwa kwenye karatasi, akasema, "Mpe huyo mtu wako," akaondoka upesi. Rashidi hakuweza kuzitafuna. Alizishika mkononi, akazinusa, akacheka.

Halafu nikafika asubuhi moja nikakuta godoro lake limetolewa nje, limeanikwa juani, na kitanda kitupu. Waislamu wa mjini walikuwa wamekwisha kumzika, jana yake jioni. Muuguzi aliniambia kupitia wavu, akanipa pole, akaendelea na kazi.

Mama yake alifika wakati mvua zimekolea, amepanda lori la korosho kutoka Tunduru, na kwa jinsi barabara ilivyokuwa tope tupu walikwama njiani wakalala maporini. Alikuta mwanawe amekwisha kuzikwa. Hospitali walimwelekeza kwangu. Nilimkuta amesimama uani kwetu, mwanamke mfupi aliyejitanda kanga, matope hadi magotini, wapangaji wote wakimtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa simu?" aliuliza. "Aliniandikia habari zako. Nipeleke nikamwone."

Tulitoka pamoja. Makaburi yalikuwa mbali, na njia ilikuwa ya kupanda. Nilikuwa nimezoea kuwachelewesha watu, kusikia hatua zao zikipungua mbele yangu kwa subira ya kulazimisha. Mama yule alikuwa mzee na amechoka, na tulikwenda mwendo mmoja bila mtu kumngoja mwenzake. Tulipofika alisimama pembeni, hakuingia katikati ya makaburi. Nilimwonyesha tuta jipya. Akainua mikono, akaomba dua kwa sauti ya chini, akajifuta uso. Kisha akaketi kwenye jiwe palepale kando ya njia, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. Nikaketi. Bega lake liligusa langu. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho, mwaka ule, bega la mtu lilikuwa limenigusa.

"Nisimulie," alisema. "Siku zile za mwisho alikuwa anasema nini?"

Nilianza. Nilimwambia kwamba aliongea sana habari za nyumbani, kwamba alitaka kujua kama paa la jikoni limekwisha kuezekwa kabla ya mvua, kwamba alimtania muuguzi. Nilikuwa nimefika hapo kikohozi kiliponishika, cha kupanda mlima na cha unyevu, kirefu, kile kibaya. Niligeukia pembeni, nikatoa kopo langu kwenye mfuko. Nilikohoa mpaka nikaona giza. Nilikuwa nasubiri kusikia kanga yake ikisogea, ule mchakacho mdogo wa nguo niliokwisha kuufahamu vizuri.

Haukuja. Nilipofunga kopo na kuinua uso, alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, ananitazama mdomoni, anasubiri.

"Enhe," alisema. "Halafu akasema nini?"